Fundi, Tajiri, Mdai: Kumsoma Chippendale kwa Ankara Zake

Kuna majina ya watu ambayo yameacha kuwa ya watu, yakawa majina ya vitu. Thomas Chippendale ni mmoja wao. Ingia katika nyumba yoyote ya mnada, London au New York, utaonyeshwa kiti na kuambiwa "hiki ni Chippendale", na muuzaji hana maana kwamba Bwana Chippendale alikigusa kiti hicho, au hata alikiona. Ana maana kwamba mgongo wake umekatwa kwa namna fulani na miguu yake imepindwa kwa namna fulani. Jina limebaki, mtu mwenyewe amepotea ndani yake.

Mie naona ni haki tumrudie mtu. Tena tusimrudie ili tumsifu, maana sifa anazo za kutosha, na mwaka 2018, alipotimiza miaka 300 tangu kuzaliwa, Waingereza walimfanyia maonyesho makubwa Leeds na sherehe katika majumba mengi. Tumrudie kwa sababu kazi yake, tangu kuanza hadi kuisha, ina jambo ambalo sifa zinalifunika, na lawama za siku hizi nazo zinalifunika kwa upande wao. Nalisema mapema ili tusizungukane: watu wamezoea kumsoma Chippendale kwa kitabu chake, na inapasa asomwe kwa ankara zake. Kitabu kinatwambia alivyotaka kuonekana. Ankara zinatwambia alifanya nini, kwa nani, kwa bei gani, na alilipwa lini, kama alilipwa.

Kwanza habari zake kwa ufupi, kwa wasiomjua. Alizaliwa Otley, mji mdogo wa Yorkshire, akabatizwa tarehe 5 Juni 1718. Baba yake alikuwa seremala. Mwaka 1748 alimuoa Catherine Redshaw huko London, wakajaaliwa watoto tisa. Kufikia 1754 alikuwa amehamia St Martin's Lane, akatundika alama ya kiti mlangoni, na akaingia ubia na Mskoti mmoja, James Rannie, mtu wa mtaji. Mwaka huohuo akatoa kitabu chake, The Gentleman and Cabinet-Maker's Director. Aprili 1755 karakana ikaungua. Januari 1766 Rannie akafariki, na biashara ikalazimika kuuza mali kwa mnada ili hesabu zifungwe. Mwaka 1771 akaingia ubia mpya na Thomas Haig, aliyekuwa karani wa hesabu wa Rannie. Catherine akafa mwaka 1772, naye akaoa tena 1777. Novemba 1779 akafa kwa kifua kikuu, akazikwa tarehe 16 ya mwezi huo katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Utajiri hakuacha.

Sasa angalieni neno "cabinet-maker" na mwenzake "upholsterer", maana Waingereza huyataja yote mawili wanapomweleza. La kwanza ni jepesi kwetu: ni fundi wa makabati, meza na viti vya kifahari, si seremala wa kuezeka paa. La pili linatutatiza kidogo. Leo tungesema fundi wa makochi, yule wa sponji na vitambaa. Lakini karne ya 18 mtu huyo alikuwa mkubwa zaidi. Alikuwa na mapazia, vitanda, magodoro, mazulia, karatasi za ukutani, vioo, na hata mazishi: akifa mtu mwenye uwezo, ndiye aliyeleta vitambaa vyeusi na kupanga msafara. R. Campbell, aliyeandika mwaka 1747 kitabu cha kuwaeleza wazazi kazi za London, anamweka fundi huyu juu ya wote katika kuandaa nyumba, na seremala wa makabati anakuwa mkono wake wa kulia. Chippendale alizishika kazi zote mbili chini ya dari moja. Mteja alimkabidhi nyumba tupu, akaipokea imejaa.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Kwetu tajiri si mtu mwenye fedha tu. Tajiri ni yule anayekupa kazi, ndiyo maana fundi husema "tajiri wangu hajanilipa" hata kama tajiri mwenyewe anavaa kandambili. Waingereza wanamwita Chippendale fundi mkuu. Lakini tangu alipofungua St Martin's Lane alikuwa tajiri kwa maana yetu: mwenye karakana, mchoraji, mpokeaji wa wateja, msafiri wa kwenda kupima vyumba Yorkshire na kurudi. Hakuna samani hata moja ambayo leo tunaweza kusema kwa hakika kwamba aliipiga randa kwa mkono wake. Hakuweka muhuri wala sahihi juu ya kazi zake, na vitabu vya hesabu vya karakana vimepotea. Tunachokijua tunakijua kutoka kwa makaratasi ya wateja: ankara, stakabadhi na barua zilizobaki katika makabati ya mabwana wakubwa.

Na mafundi wenyewe je? Ule moto wa 1755 ndio uliotuachia dokezo. Magazeti ya wakati ule yaliandika kwamba yaliungua masanduku ya zana za wafanyakazi 22. Tafakarini kidogo. Fundi wa London alinunua zana zake mwenyewe, patasi, randa na misumeno, miaka na miaka, na sanduku lile ndilo lililokuwa mtaji wake wote. Watu 22 walipoteza riziki usiku mmoja, na majina yao hayakuandikwa. Mmoja mmoja anachomoza katika karatasi za wateja, kama William Reid, aliyekaa Harewood miaka kadhaa akisimamia kazi kwa niaba ya kampuni. Wengine wote wamo ndani ya neno moja, Chippendale.

Tuje kwenye kitabu. Toleo la kwanza la 1754 lilikuwa na mabamba 160 ya michoro, mengi yakiwa yamechongwa na Matthias Darly. Toleo la pili lilitoka 1755, na la tatu, la 1762, lilikuwa na mabamba 200. Waliojiandikisha kukinunua kabla hakijatoka walikuwa 308, na hapa pana werevu wa kibiashara ambao lazima tumvulie kofia. Katika orodha hiyo wamo malodi, lakini wengi ni mafundi: maseremala, wachongaji, mafundi wa vitanda. Malodi walikuwa chambo, mafundi walikuwa soko, na mafundi nao walikiweka kitabu dukani ili kuwaonyesha wateja wao. Kabla yake palikuwa na vijitabu vya michoro, lakini hakuna fundi wa samani Uingereza aliyewahi kutoa kitabu kikubwa namna ile kwa jina lake. Alichanganya mitindo mitatu: wa Kifaransa aliouita wa kisasa, wa Kigothi, na wa Kichina, au tuseme wa Kichina kama Waingereza walivyoiota China. Katika utangulizi akawajibu mapema wale watakaosema kwamba michoro haichongeki. Akasema inachongeka, na yeye mwenyewe yuko tayari kuifanya.

Kitabu kilikwenda mbali kuliko mwenyewe. Kilitolewa kwa Kifaransa pia, na Catherine wa Urusi alikuwa na nakala. Mafundi wa Philadelphia walikitumia na kuchonga viti ambavyo hadi leo makumbusho ya Marekani yanaviita "Chippendale", ingawa havikutoka katika karakana ya mzee. Ndiyo maana nikasema jina limekuwa kitu. Aliyeuza michoro alijua kwamba anawapa wengine ruhusa ya kuchonga, na malipo aliyoyapata kwa ruhusa hiyo ni bei ya kitabu basi.

Wahakiki waligongana juu ya kitabu hiki. Mwaka 1929 Wamarekani wawili, Fiske Kimball na Edna Donnell, waliandika kwamba michoro bora ya mtindo huo haikuwa ya Chippendale bali ya wasanii wengine, Matthias Lock na Henry Copland. Yeye eti alikuwa mfanyabiashara aliyeweka jina. Shutuma hiyo ilidumu miaka mingi. Kisha mwaka 1978 Christopher Gilbert akatoa majuzuu mawili juu ya maisha na kazi za Chippendale, akiwa amepekua karatasi za nyumba baada ya nyumba, na Chippendale mchoraji akarudishiwa heshima yake.

Mie nauheshimu sana utafiti wa Gilbert, na kila anayeandika juu ya mada hii, mimi nikiwemo, anakula katika sahani yake. Lakini naona pande zote mbili zilikuwa zikigombania swali lilelile dogo: mkono wa nani ulichora? Kana kwamba tukishampata mchoraji tumeshampata mwenye kazi. Ushahidi ambao Gilbert mwenyewe aliukusanya unajibu swali kubwa zaidi, na wengi wanaoufuata wanaupita mbio ili wafike kwenye picha nzuri.

Chukueni ankara za Nostell Priory, nyumba ya Sir Rowland Winn huko Yorkshire, ambayo Chippendale alianza kuitengenezea samani mwaka 1766. Humo imo meza ya maktaba ya mahogani, pauni 72 na shilingi 10, samani ambayo vitabu vyote vya sanaa vinaipiga picha. Humohumo limo gogo la kukatia nyama jikoni, la mti wa elm, shilingi 10. Ndugu zangu, huyu "msanii" alipeleka gogo la jikoni! Kwa hesabu nyepesi, bei ya meza ile ingenunua magogo 145. Kwa maoni yangu gogo lile linatufundisha zaidi kuliko meza. Linatwambia kwamba mteja hakuwa akinunua sanaa, alikuwa akinunua mtu wa kumtimizia nyumba, kuanzia chumba cha wageni wakubwa chenye karatasi za Kichina zilizochorwa kwa mkono na samani za rangi ya kijani, kazi ya 1771, hadi jiko. Na Chippendale hakuweza kusema "magogo hayanihusu". Akikataa gogo, atakosa na meza.

Ukisoma ankara namna hii unaona pia kazi yake bora iko wapi, na hapa nina hukumu ya kihakiki ambayo najua si wote watakaoikubali. Kazi yake bora haimo kitabuni. Toleo la mwisho ni la 1762. Baada ya hapo ladha ya wakubwa ikageuka, wakataka mtindo wa Kirumi na Kiyunani ulioletwa na wasanifu kama Robert Adam: mistari iliyonyooka, mashada na vyungu vya kale. Mtu aliyejulikana kwa mizunguko na majani ya Kifaransa angeweza kuzama. Yeye akajifunza upya akiwa na miaka karibu 50. Mwaka 1765 alichonga viti vya Sir Lawrence Dundas kwa mchoro wa Adam, kisha akaendelea kwa michoro yake. Kabati la Diana na Minerva la Harewood, la mwaka 1773, liligharimu pauni 86. Uso wake wote ni njumu ya mbao za rangi mbalimbali na pembe za ndovu, miungu wawili wa kike ndani ya duara, na kati yao pana upinde uliozama kwa ndani kama kibla. Halina hata mstari mmoja wa kile ambacho dunia inakiita "Chippendale". Kwa hiyo jina lake limekwama kwenye ujana wake, na kazi aliyoifikia kwa utu uzima haina jina.

Hukohuko Harewood, kwenye ukumbi mrefu, madirisha yana mapazia mafupi ya juu yenye mikunjo, vishada na pindo. Ukikaribia unagundua kwamba si kitambaa: ni mbao iliyochongwa na kupakwa rangi. Wapo wanaoona huo ni mchezo wa kujionyesha. Mie naona ni fundi wa mbao na fundi wa nguo wanasalimiana, kazi mbili za kampuni moja katika kipande kimoja. Huwezi kuelewa kipande kile kama unamjua Chippendale wa viti peke yake.

Lakini sasa tuingie penye uchungu. Vitambaa hivyo, dhahabu hiyo ya kupaka, vioo hivyo vikubwa kutoka Ufaransa, vilinunuliwa na nani kwanza? Na Chippendale, kwa fedha taslimu au kwa mkopo, kabla mteja hajatoa senti. Na mteja alitoa lini? Sir Edward Knatchbull wa Mersham le Hatch alimwandikia waziwazi kwamba yeye hupokea kodi za mashamba yake mara moja kwa mwaka, na kwa hiyo madeni ya mafundi huyalipa mara moja kwa mwaka. Huyo alikuwa muungwana, alau alitaja tarehe. Sir Rowland Winn alikuwa mkali kazi inapochelewa na mzito fedha inapodaiwa, na barua za Chippendale kwake zinasikitisha kuzisoma: anaomba radhi kwa kuchelewesha kazi, na katika pumzi ileile anaomba fedha ili aweze kuimaliza. Hapo ndipo penye kitanzi. Anachelewa kwa sababu hajalipwa, na halipwi kwa sababu amechelewa.

Kwa hiyo yule tajiri wa St Martin's Lane alikuwa na matajiri juu yake, na kila mmoja alikuwa akikopa kutoka kwake bila kuita mkopo. Tunasema kampuni ilikuwa kubwa kwa sababu kazi ya Harewood peke yake inakisiwa kupita pauni 10,000. Ndiyo, lakini pauni elfu kumi za deni linalolipwa kwa vijisehemu si sawa na pauni elfu kumi. Ubia wake wote ulikuwa wa kutafuta mtu mwenye pumzi ya kungoja: kwanza Rannie, kisha Haig. Na alipobanwa, hakuwa malaika. Mwaka 1769 forodha walimkamatia dazeni tano za fremu za viti alizoziagiza kutoka Ufaransa, kwa kuwa thamani iliyoandikwa ilikuwa ya chini mno. Yule mwandishi wa kitabu kilichoitangaza kazi ya Uingereza alikuwa akiingiza viti vya Kifaransa kwa mlango wa nyuma. Wanaompenda huipita habari hii harakaharaka. Mie siichukulii kama kashfa, naichukulia kama dalili ya mtu anayetafuta pa kupunguzia gharama.

Mwanawe, Thomas mdogo, alirithi karakana, ustadi na mzigo. Alikuwa fundi hodari, pengine mchoraji mzuri kuliko baba. Mwaka 1804 alifilisika. Wateja hawakufilisika.

Sasa kuna swali la siku hizi, nalo ni zito zaidi: fedha ya wateja ilitoka wapi? Mwenye Harewood, Edwin Lascelles, alizaliwa Barbados. Baba yake, Henry Lascelles, alikuwa mkuu wa forodha Bridgetown, akafanya biashara ya sukari na ya watumwa, na kuwakopesha wenye mashamba. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza na Bunge likalipa fidia, mwenye Harewood wa wakati huo alilipwa pauni 26,307 kwa ajili ya watu 1,277. Alilipwa yeye aliyewamiliki. Waliomilikiwa hawakupewa hata peni. Ninian Home wa Paxton House, mteja mwingine wa Chippendale, alikuwa na mashamba Grenada, akawa gavana huko, akauawa katika uasi wa Fédon mwaka 1795.

Na mbao zenyewe? Mwaka 1721 Bunge liliondoa ushuru kwa mbao za kutoka makoloni ya Amerika, na mahogani ikaanza kumiminika London, kwanza ya Jamaica, baadaye ya Cuba na ya Ghuba ya Honduras, nchi ambayo leo ni Belize. Waliokata walikuwa watumwa. Maelezo ya mwanzoni mwa karne ya 19 yanatueleza kazi hiyo Honduras: mtumwa mmoja, aliyeitwa mwindaji, alipanda juu ya mti mrefu na kuangalia msitu kwa mbali, akaitambua mahogani kwa rangi ya majani yake msimu wa Agosti, kisha akashuka na kuwaongoza wenzake hadi kwenye mti wenyewe bila kupotea. Wakatao walijenga jukwaa futi 10 au 12 juu ya ardhi kwa kuwa shina la chini ni pana mno. Magogo yakavutwa hadi mtoni, yakangoja mvua yaelee. Niambieni, huyo aliyesoma msitu kutoka kileleni hakuwa fundi? Ujuzi wake ndio wa kwanza katika mnyororo mzima wa meza ile ya pauni 72, na ankara haina mstari wake.

Hapa nawaomba mnielewe vizuri. Sisemi kwamba Chippendale anayedai fedha zake na mtumwa wa Honduras wana hali moja. Hasha. Chippendale alikuwa huru, alikuwa na mahakama ya kukimbilia na jina la kulinda, na viti vyake viliuzwa kwa sababu mti ulikatwa bure. Ninachosema ni kwamba wote wawili wanaonekana katika karatasi ileile ukiisoma chini hadi juu, na wahakiki wanaotazama mgongo wa kiti peke yake hawamwoni hata mmoja.

Najua kuna watakaonijibu: bwana, fundi ana kosa gani? Fundi huchukua kazi kwa anayelipa. Ni jibu la haki nusu. Kwa upande wa hukumu ya maadili, mie simpeleki Chippendale kizimbani peke yake huku mabwana wamekaa nje. Lakini kwa upande wa uhakiki, jibu hilo halitoshi, kwa sababu fedha ile iliingia ndani ya umbo lenyewe. Vioo vikubwa namna ile, njumu ya wiki na miezi, mapazia ya mbao, hivyo ni vitu vinavyowezekana tu pale mwenye nyumba anapokuwa na mali isiyo na mwisho na asiwe na haraka ya kulipa. Ukubwa wa mali na uzito wa kulipa vimo ndani ya kabati lile kama gundi.

Na swali hili tusiwarushie Waingereza kisha tukaondoka tumekunja mikono. Sisi watu wa pwani tunajivunia milango ya Unguja, na tuna haki, ni kazi nzuri. Mingi ya milango mikubwa tunayoipiga picha ni ya karne ya 19, ya nyumba za watu waliopata kwa karafuu, pembe na watumwa. Mara nyingi tunamjua mwenye nyumba kuliko aliyechonga mlango. Tukimdai Harewood afungue vitabu, na sisi tuwe tayari kufungua vyetu.

Basi tumpe Chippendale daraja gani? Mie nampa kubwa, lakini si lile analopewa. Kama mbunifu wa mtindo wa 1754, alikuwa mwerevu na mkusanyaji, hakuwa mwanzilishi. Kama mwenye karakana aliyebadilika akiwa mtu mzima na kutoa kazi za Harewood na Nostell, sioni wa kumshinda katika Uingereza ya wakati wake. Kama mfanyabiashara, alishindwa, na alishindwa na watu ambao hadi leo tunawaita walezi wa sanaa. Neno hilo "walezi" ndilo ningependa tulitazame upya. Mlezi hulisha. Hawa walilishwa: fundi aliwakopesha miaka, na mtumwa aliwalisha maisha.

Mwaka 2007 Dumfries House ya Scotland, nyumba ambayo Chippendale aliipelekea samani kuanzia 1759, ilikuwa karibu kuuzwa pamoja na vilivyomo. Samani zilikuwa zimeshapakiwa kwenye malori kuelekea mnadani London, ndipo kundi lililoongozwa na Prince Charles, mfalme wa sasa, likainunua yote kwa pauni milioni 45. Ni jambo la kushukuru kwamba vitu havikutawanyika, maana vikitawanyika na ankara hupoteza maana. Fedha zilipatikana kwa miezi michache. Nyumba kama hizo zinafanya vizuri zinapoweka kibao chenye jina la Chippendale. Zingefanya vizuri zaidi kama kibao kingekuwa na mistari minne: nani alikata mti, nani alichonga, nani alichora, na nani alilipa na lini. Pasipo na jina, paandikwe wazi kwamba jina halikuhifadhiwa, ili mgeni ajue kwamba mtu alikuwepo.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti juu ya Gilbert au juu ya milango ya Unguja, na ailete, tusikilizane.